Je, Wajua? Nani Hasa Hana Makazi?

Je, wajua kwamba Japani ilihesabu watu 25,296 wasio na makazi mwaka 2003, na ilipohesabu tena Januari 2024 ikapata 2,820 tu? Sehemu ya kushuka huko ni kazi halali ya misaada ya serikali. Sehemu nyingine imo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Japani ya mwaka 2002 inasema asiye na makazi ni mtu aliyefanya bustani ya umma, ukingo wa mto, barabara, stesheni au pahala kama hapo kuwa kwake. Sasa mchukue kibarua anayelipia usiku mzima kwenye saiba ya Tokyo, ndani ya kijumba chenye kiti cha kuegemea na kompyuta. Anaoga humo humo, na asubuhi anabeba begi lake kwenda kazini. Huyo hayumo kwenye hesabu, kwa sababu halali bustanini. Serikali ya jiji la Tokyo ilipotoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 2018, ilikadiria kuwa watu wapatao 4,000 wasio na nyumba hulala namna hiyo kila usiku, jijini humo peke yake. Mwaka huo huo hesabu rasmi ya nchi nzima ilikuwa chini ya 5,000.

Ndiyo maana ukisikia nchi fulani ina watu kadhaa wasio na makazi, kabla hujaishangaa tarakimu ulizia kwanza nani aliitunga fomu.

Ufini, kwa mfano, inasifiwa kila kona kwa utaratibu wa kumpa mtu nyumba kwanza, halafu ndipo ulevi, madeni na maradhi yashughulikiwe. (Utaratibu huo ulipata umaarufu kutokana na kazi ya mwanasaikolojia Sam Tsemberis, aliyeuanzisha New York mwaka 1992.) Kinachosemwa kwa nadra ni jinsi Wafini wanavyohesabu. Mwaka 2023 walipata watu 3,429 wanaoishi peke yao wasio na makazi, na zaidi ya nusu yao hawakuwa barabarani wala kwenye hosteli. Walikuwa wamejishikiza kwa marafiki na jamaa.

Hebu kipeleke kipimo hicho Mbagala, Kawangware au Kisauni. Yupo kijana aliyekuja mjini kutafuta maisha, tangu mwaka juzi analala sebuleni kwa kaka yake, na godoro hukunjwa alfajiri kabla wageni hawajaanza kupiga hodi. Yupo mama aliyeachika akarudi kwao na watoto watatu. Yupo mpangaji aliyetakiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akashindwa, akampigia simu shemeji. Ufini ingewaandika wote. Sisi hatuna hata safu ya kuwaandika, na wenyewe ukiwaambia hawana makazi watakuona umewatukana. "Nipo kwa kaka," atakujibu, na kwake jibu hilo linatosha.

Naona kuna haki pande zote mbili. Undugu umewapa paa watu wengi zaidi kuliko mradi wowote wa nyumba za bei nafuu uliowahi kuzinduliwa kwa utepe na mkasi. Lakini paa la undugu halina mkataba. Siku mwenye nyumba akioa, au mke wake akichoka, au mtoto wa kwanza akihitaji chumba chake, mgeni wa miaka miwili huondoka na begi moja, wala hakuna mahakama ya kumsikiliza. Brazili iliona umuhimu wa jambo hili. Amri yake ya Desemba 2009 kuhusu watu wanaoishi mitaani inawaeleza kwa mambo matatu: ufukara uliokithiri, kutokuwa na makazi ya kawaida ya kudumu, na mahusiano ya kifamilia yaliyokatika au kulegea. Katika tafsiri nyingi za kisheria hutakuta familia ikitajwa hivyo. Mtu wa pwani au wa bara angeitaja kabla ya paa.

Je, wajua kwamba unaweza kuwa na nyumba, mlango, ufunguo na anwani, na bado ukahesabiwa huna makazi? Sensa ya Australia ya 2021 ilipata watu 122,494 wasio na makazi. Waliokuwa nje kabisa, kwenye mahema au vibanda vya kubahatisha, ni 7,636. Kundi kubwa kuliko yote, watu 47,895, walikuwa ndani ya nyumba za kawaida zilizojaa kupita kiasi, yaani nyumba ambayo ingehitaji kuongezewa vyumba vinne au zaidi vya kulala ili wakazi wake wakae kwa nafasi. Takwimu za Australia huuliza mambo matatu: je, mahali hapa panafaa kwa binadamu? Je, mkazi ana uhakika wa kubaki? Je, anaweza kukaa faragha na kupokea watu wake? Kukosa hata moja kunaweza kumtia mtu kwenye orodha, ikiwa hana njia ya kujipatia pengine.

Nyuma ya fikra hiyo kuna watafiti wawili, Chris Chamberlain na David MacKenzie, ambao mwaka 1992 walipendekeza kipimo cha chini cha makazi kwa Australia: fleti ndogo ya kupanga yenye chumba cha kulala, sebule, jiko na bafu lake. Aliye chini ya hapo, hata kama analipa kodi kila mwezi kwenye nyumba ya vyumba, wakamweka katika daraja la tatu la kukosa makazi. Kwa rula hiyo, mpangaji wa chumba kimoja Manzese, anayepikia koridoni na kuchangia choo cha uani na wapangaji wengine sita, hana makazi. Yeye na nusu ya mtaa wake. Watafiti hao hawakuwa wajinga. Walisema wazi kuwa kipimo hutegemea jamii inakiona nini kuwa cha kawaida, na kwamba chao ni cha Australia. Lakini tarakimu zikisafiri kwenda kwenye ripoti za kimataifa, tahadhari hiyo huachwa nyumbani.

Uingereza nako kuna vituko vya kisheria vinavyostahili kusomwa taratibu. Katika hesabu ya wanaolala nje England, hapo zamani aliyehesabiwa ni yule aliyekwisha kulala au kujilaza. Mwaka 2010 kanuni zikapanuliwa, na sasa anahesabiwa pia aliyekaa juu ya matandiko yake, au hata aliyesimama kando yake, akiwa anajiandaa kulala. Mwenye kutembea mjini usiku kucha ili asipatwe na baridi au wahuni, bila matandiko, haingii. Msimu wa vuli wa 2024 waliohesabiwa walikuwa 4,667.

Sheria ya huko huko inasema mtu mwenye mashua au gari la kulala ndani anaweza kuwa hana makazi, ikiwa hana mahali anaporuhusiwa kukiegesha chombo chake na kuishi humo. Inamtambua pia ambaye bado yumo ndani ya nyumba lakini atakuwa nje hivi karibuni. Zamani alitakiwa awe amebakiza siku 28, na sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Aprili 2018, ikafanya siku 56. Halafu kuna kundi ambalo mimi huliona gumu kulieleza kwa bibi yangu: watu waliokosa makazi "kwa makusudi". Ofisa wa halmashauri akiridhika kuwa ulijitakia, mathalani uliacha kulipa kodi ilhali uwezo unao, wajibu wake wa kukutafutia nyumba hupungua sana. Wewe bado uko nje, lakini kwa aina nyingine ya kuwa nje.

Marekani ina serikali moja na vipimo viwili. Wizara ya nyumba huhesabu usiku mmoja mwishoni mwa Januari, makundi ya watu wa kujitolea wakizunguka na tochi. Hesabu ya Januari 2024 ilitoa watu 771,480. Wizara ya elimu, kwa upande wake, humwandika pia mtoto ambaye familia yake imebanwa na hali ikahamia kwa ndugu au kwenye moteli, na katika mwaka wa masomo wa 2022 hadi 2023 shule za umma ziliandika wanafunzi zaidi ya milioni 1.3. Mtoto mmoja anaweza basi kuwa hana makazi akiwa darasani na akawa nayo jioni, bila kuhama popote. Vipimo vyote viwili vinasimama juu ya sheria ya mwaka 1987 iliyopewa jina la mbunge Stewart McKinney wa Connecticut. Machi mwaka huo, mbunge huyo, akiwa tayari mgonjwa, alilala nje usiku mzima jijini Washington pamoja na wabunge wenzake ili kuipigania. Alifariki Mei. Rais Reagan alitia saini Julai.

Na Umoja wa Mataifa je? Huu ulichelewa, na ulipoamka uliamkia Nairobi. Kweli, mwaka 1987 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Makazi kwa Wasio na Makazi, na Siku ya Makazi Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza Nairobi mwaka 1986. Lakini tafsiri ya pamoja ya nani hana makazi haikuwepo. Makadirio ya watu milioni 100 duniani, yaliyotajwa mwaka 2005 katika ripoti ya Miloon Kothari, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya makazi, yamekuwa yakinukuliwa hadi leo, ingawa kila nchi ilikuwa inapima kwa pishi lake. Mei 2019 wataalamu walikutana Nairobi, yalipo makao makuu ya UN-Habitat, shirika la makazi la umoja huo, wakapendekeza maneno yafuatayo kwa maana yake: kukosa makazi ni hali ya mtu au kaya kukosa mahali panapokalika, penye uhakika wa kubaki, haki, na uwezo wa kuishi na watu kwa usalama. Februari 2020 tume ya maendeleo ya jamii ya Umoja wa Mataifa ikalifanya jambo hili mada yake kuu kwa mara ya kwanza katika historia yake, na Desemba 2021 Baraza Kuu likapitisha azimio.

Msomaji wa Nairobi atauliza mara moja: na Kibera? Hapo wanadiplomasia walikwenda kwa kunyata. Walio barabarani na walio kwenye hifadhi za muda wamo bila ubishi. Walio kwenye makazi duni kupindukia yasiyo na uhakika wala huduma, maneno yakasema wanaweza kujumuishwa, kwa kufuata sheria za kila nchi. Si ajabu. UN-Habitat tayari ina tafsiri nyingine ya kaya ya mtaa wa mabanda, nayo ni kaya iliyokosa hata kimoja kati ya vitu vitano: maji salama, choo, nafasi ya kutosha, nyumba imara na uhakika wa kutofukuzwa. Makundi hayo mawili yakiunganishwa, kuna serikali ambazo zingejikuta nusu ya miji yao haina makazi, na hakuna waziri anayetaka kwenda New York kuisoma tarakimu ya namna hiyo.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kabla ya kuwa takwimu, asiye na makazi alikuwa kosa la jinai.

Je, wajua kwamba England mwaka 1547, chini ya mfalme mtoto Edward wa Sita, mzururaji aliyekataa kazi aliweza kuchomwa kwa chuma cha moto alama ya herufi V kifuani na kufanywa mtumwa wa aliyemkamata kwa miaka miwili? Sheria hiyo ilikuwa kali hata kwa Waingereza wenyewe, na haikudumu zaidi ya miaka michache. Iliyodumu ni ile ya mwaka 1824, iliyotungwa wakati askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon walikuwa wamejaa barabarani bila kazi. Iliwapanga watu kwa madaraja matatu: mvivu na mkorofi, kisha mhuni na mzururaji, kisha mhuni asiyerekebishika. Bunge lao lilipitisha kifungu cha kuifuta mwaka 2022, na hata hapo kikawekwa kusubiri tarehe ya kuanza kutumika.

Madaraja hayo yalipanda meli. Kanuni za adhabu za Tanganyika, Kenya na Uganda, zote za mwaka 1930, zilibeba wavivu na wazururaji hao karibu kama walivyokuwa London. Dar es Salaam ya kikoloni ilipata mwaka 1944 sheria ya kuwaondoa mjini wale walioitwa wasiotakiwa. Mkoloni akaondoka, msamiati ukabaki. Wenye umri wanakumbuka mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, kampeni ya Nguvu Kazi ilipopita Dar es Salaam. Ukikutwa bila kadi ya kazi unapakiwa kwenye gari, safari ya kijijini au shambani. Kenya mwaka 2003, serikali mpya ya Kibaki ilizoa familia za mitaani Nairobi na kuwapeleka vijana wengi katika mafunzo ya Huduma ya Taifa kwa Vijana. Nia za kampeni hizo mbili hazikulingana. Njia ya kumtambua mlengwa ilikuwa ile ile: kumtazama nguo.

Mageuzi yalianzia pasipotarajiwa. Mchuuzi wa mifuko ya plastiki nchini Malawi alikamatwa mwaka 2015 akielekea sokoni, akashitakiwa kwa uzururaji, akakataa kuinama. Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ikasema kifungu hicho kinakiuka katiba. Desemba 4, 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikatoa maoni yaliyoombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ikavifuta vifungu vyake. Upande wa pili wa bahari mambo yakaenda kinyume. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliruhusu mji mdogo wa Grants Pass, Oregon, kuwatoza faini watu wanaolala katika maeneo ya umma.

Kuhusu majina wanayopewa watu hawa, kitabu kizima kingetosha, na kwa kweli kipo. Mwaka 1923 Nels Anderson, aliyewahi mwenyewe kudandia treni za mizigo, alichapisha utafiti wake wa Chicago kuhusu wanaume wasio na makwao. Walikuwa na utabaka wao: hobo anasafiri na kufanya kazi, tramp anasafiri wala hafanyi kazi, bum hasafiri wala hafanyi kazi. Kumwita hobo bum ilikuwa kutafuta ugomvi. Ufaransa imewageuza herufi tatu, SDF, asiye na makao maalumu, na Urusi ina bomzh, kifupisho kilichotoka kwenye majalada ya polisi. Mwaka 2020 mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press uliwataka waandishi waache kuwaita kwa mkumbo kana kwamba ni kabila. Huku kwetu, Kenya ina chokoraa. Tanzania, katika lugha ya ofisini, imehamia kwenye "watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani", maneno marefu lakini yenye faida yake, maana kuna mtoto anayeuza karanga kutwa kisha anarudi kwao jioni, na kuna asiye na pa kurudi. Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Kuwahesabu ni kazi ya usiku. India hutenga usiku mmoja wa Februari, na mwaka 2011 ilipata watu milioni 1.77 kando ya barabara, chini ya madaraja na ngazi, kwenye majukwaa ya reli, na ndani ya mabomba makubwa ya zege yaliyosubiri kufukiwa. Kenya, mbali na sensa ya kawaida, ilifanya mwaka 2018 hesabu ya familia za mitaani peke yake na kupata watu 46,639: Nairobi 15,337, Mombasa 7,529. Tanzania mwaka 2022 ilianza nao usiku ule ule wa kuamkia Agosti 23, pamoja na wasafiri na waliolala nyumba za wageni, kwa kuwa kufikia asubuhi stendi inakuwa ya watu wengine.

Kilichobaki ni anwani. Bongo ukitaka kitambulisho cha taifa, kufungua akaunti au kumdhamini mtu polisi, mara nyingi utaambiwa kalete barua ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti huandika barua kwa mkazi wa nyumba fulani. Mwaka 2022 nchi nzima ilipewa anwani za makazi, barabara zikapata majina na milango ikapata namba, jambo jema kwa wenye milango. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 2000, asiye na anwani hujiandikisha kupiga kura kwa tamko la uhusiano na eneo: anataja pale anaposhinda sana, hata kama ni bustani, kituo cha basi au kibaraza cha duka. New York walitangulia. Mwaka 1984 mahakama ya shirikisho iliamua kuwa anayelala barabarani ana haki ya kujiandikisha, mradi ataje mahali anaporejea kila mara na panapoweza kumfikishia ujumbe.